Pelton, Bánki, gurudumu la maji au pampu iliyogeuzwa: uchague ipi kwa maji uliyo nayo

Tuseme unataka kujitengenezea umeme wa maji, na kuna vijito vitatu. Cha kwanza kinateremka mlimani: maji yake ni lita 3 tu kwa sekunde, lakini unaweza kuyashusha mita 25 kwa bomba. Cha pili kina lita 10 kwa sekunde na anguko la mita 8. Cha tatu ni kipana na kimetulia, lita 40 kwa sekunde, ila anguko lake lote ni mita 2. Zidisha mita kwa lita: 75, 80, 80. Nguvu iliyomo ndani ya maji ni karibu ileile kwa vyote vitatu, lakini mashine inayofaa hapa haifai pale. Gurudumu la kumwagiwa maji kwa juu, ambalo ni zuri sana kwa kijito cha tatu, kwenye kijito cha kwanza lingehitaji kimo cha jengo la ghorofa nane. Na turbini ndogo yenye kasi inayofaa kijito cha kwanza, ukiipeleka kwenye cha tatu, itapitisha maji kiduchu na kuacha mengine yote yaende zake.

Ndiyo maana naumia kila ninapomwona mtu ameanza kukata vyuma kabla hajapima maji. Anaichagua mashine kwa sura yake, kwa sababu ameiona mahali ikizunguka vizuri, kisha anatafuta pa kuitia. Kazi inakwenda kinyume na hapo. Maji ndiyo yanayochagua mashine, wewe unayasikiliza tu.

Pima kwanza

Hesabu yenyewe ni fupi. Mita za anguko, mara lita kwa sekunde, mara 9.81, unapata wati zilizomo kwenye maji. Mtambo wa kujitengenezea hauwezi kuzivuna zote, kwa hiyo zidisha kwa 5 badala ya 9.81 na uiamini namba hiyo mpaka mtambo wako utakapoonyesha vinginevyo. Vijito vyetu vitatu vinatoa basi wati 375 hadi 400. Usizidharau. Wati 400 zikitoka usiku na mchana bila kukatika ni zaidi ya uniti 9 za umeme kwa siku, na hazijali mawingu wala giza.

Kupima mtiririko wa kijito kidogo, ziba kwa mifuko ya mchanga na udongo, acha maji yote yapite kwenye kipande cha bomba, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde kwa simu. Ikijaa kwa sekunde 7, una karibu lita 3 kwa sekunde. Rudia mara tano, uchukue wastani. Ndoo haiwezi kwa lita 40, hivyo kata ubao mpana wenye pengo la umbo la V, pembe ya nyuzi 90, uusimamishe kukinga kijito bila kuvuja pembeni wala chini. Pima kimo cha maji kuanzia ncha ya V, lakini upimie nyuma ya ubao, mahali ambapo uso wa maji haujaanza kuinama. Sentimita 10 ni karibu lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 ni karibu 25. Kosa la sentimita moja hapo linabadilisha jibu sana, basi tumia rula na si macho.

Anguko hupimwa kwa urahisi zaidi. Tandaza mpira wa maji kutoka juu hadi chini, ujaze mpaka hewa yote itoke, funga geji ya presha mwisho wake. Kila baa 1 ni mita 10.2. Hakuna njia ya kienyeji iliyo sahihi kuliko hii, na huhitaji kuona ng'ambo ya kichaka.

Pima wakati wa kiangazi kikali. Namba ya masika itakupendeza, lakini ukijenga kwa hiyo utakaa gizani miezi ambayo maji yamepungua. Na usihesabu maji yote kuwa yako: samaki, mimea na walio chini ya kijito nao wanayategemea, na nchi nyingi zina kibali maalumu cha kuchepusha maji hata kwa muda. Ulizia hicho kabla ya kununua bomba.

Pelton: maji machache, kimo kirefu

Gurudumu hili limebeba jina la Lester Pelton, Mmarekani aliyelipatia hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1880, enzi migodi ya dhahabu ya California ilipokuwa na njaa ya nguvu za kuendeshea mitambo. Siri yake ni kikombe chenye ukingo mkali katikati, kama vijiko viwili vilivyoshikanishwa ubavu kwa ubavu. Mshale wa maji unaotoka kwenye nozeli unagonga ukingo, unapasuka pande mbili, unazunguka ndani ya kikombe na kugeuka kuelekea ulikotoka. Kama gurudumu linakwenda karibu nusu ya kasi ya mshale, maji hutoka yakiwa yamenyang'anywa karibu mwendo wote. Chungulia ndani ya kasha la Pelton iliyotengenezwa sawasawa: maji yaliyoingia kwa kasi ya gari la barabara kuu yanadondoka chini kama yaliyomwagwa kutoka kwenye beseni. Ukiona yanarushwa kwa nguvu ukutani, ujue kuna nguvu unaitupa.

Kwa kijito cha kwanza hesabu iko hivi. Msuguano wa bomba ukila mita 3, yanabaki mita 22, na mshale unatoka kwa mita 21 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 75 kwa saa. Nozeli yenye tundu la milimita 14 inapitisha zile lita 3. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20, ukipima katikati ya vikombe, litazunguka kama mara 930 kwa dakika. Hiyo ni kasi tamu. Jenereta nyingi za sumaku zinaipenda, na unaweza kuzifunga moja kwa moja kwenye shafti bila gia wala mkanda. Hapo umeokoa beringi, puli na usumbufu mwingi.

Ugumu wake wote uko kwenye vikombe. Kusubu aluminiamu au shaba kwenye mchanga kunawezekana, ila kikombe kimoja kikiwa kizito kuliko wenzake gurudumu litatetemeka na kula beringi. Siku hizi kuna wanaochapa vikombe vya plastiki ngumu kwa printa ya 3D, na kwa nguvu ndogo vinavumilia. Ushauri wangu, na sioni haya kuutoa kwenye makala ya kujitengenezea: nunua gurudumu la vikombe lililokamilika na ujitengenezee mengine yote. Kasha, nozeli, kitako, bomba na banio (kizuizi cha kijitoni kinachoelekeza maji bombani) vinakupa kazi ya kutosha, na hakuna hata kimoja kinachohitaji usahihi wa kikombe. Ukiamua kukitengeneza mwenyewe, usisahau ule mkato kwenye mdomo wa kikombe. Bila huo, kila kikombe kinachoingia kinaukata mshale kwa mgongo wake kabla haujamfikia mwenzake aliyetangulia.

Pelton ina fadhila moja ambayo mashine nyingi huikosa: haichukii kiangazi. Ukiweka nozeli mbili au nne zenye koki zake, maji yakipungua unafunga moja, na zilizobaki zinaendelea na presha ileile na kasi ileile. Nguvu inashuka kwa kadiri ya maji tu.

Adui yake ni jani. Tundu la milimita 14 huzibwa na kitu kidogo sana. Ukishakaa na mtambo wa namna hii utaijua sauti yake kuliko namba za mita: mshale safi unalia kwa mvumo mmoja ulionyooka, na kipande cha jani kikikwama mdomoni mvumo unakuwa wa kukwaruza, kama mtu anayenong'ona kwa meno. Unajua kabla taa hazijafifia.

Turgo ni ndugu yake wa karibu, iliyobuniwa na Eric Crewdson wa Uingereza mwaka 1919. Mshale unaingia kwa ubavu, kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, na kutokea upande wa pili, kwa hiyo maji yanayotoka hayagongani na yanayoingia. Matokeo yake ni kwamba gurudumu la ukubwa uleule linameza mshale mnene zaidi. Vijiko vya chuma vilivyochomelewa kwa mlalo kuzunguka kitovu, kazi ambayo wengi huanza nayo, tabia yake iko karibu na Turgo kuliko Pelton.

Bánki: turbini ya mwenye grainda na mashine ya kuchomelea

Kama ungeniambia nitaje turbini moja ambayo fundi wa kawaida anaweza kuitoa mikononi mwake ikafanya kazi kwa heshima, ningetaja hii. Anthony Michell wa Australia aliipatia hataza mwaka 1903, Donát Bánki wa Hungaria akaikuza kwa hesabu zake, na Fritz Ossberger wa Ujerumani akaifikisha sokoni. Umbo lake ni la pipa: sahani mbili za chuma za mviringo na mapanga marefu yaliyopinda katikati yake. Maji yanaingia upande mmoja kupitia mapanga, yanavuka uwazi wa kati, kisha yanapita tena kwenye mapanga ya upande wa pili yakitoka. Yanafanya kazi mara mbili. Na jani lililonaswa kwenye panga wakati wa kuingia, nusu mzunguko baadaye linasukumwa nje na maji yanayotoka. Chujio bado unalihitaji, lakini mashine hii husamehe.

Mapanga yanatoka kwenye bomba la chuma. Unalipasua kwa urefu na kila kipande kinakuja kikiwa na mpindo wake tayari. Ukingo wa ndani wa mapanga ukae kwenye duara lenye kipenyo cha takriban theluthi mbili ya kipenyo cha nje, na maji yaingie kwa pembe ya nyuzi 16 hivi. Chora kwanza kwenye kipande cha plaiwudi: duara la nje, duara la ndani, kisha alama za mapanga kwa nafasi sawa. Huo mchoro ndio utakaokuongoza kukata mikato kwenye sahani zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja kwa bolti, ili matundu yafanane.

Ukifika kwenye kuchomelea, tulia. Joto linavuta chuma. Ukichomelea panga la kwanza, la pili na la tatu kwa mfuatano, sahani itainama kama kifuniko cha sufuria kilichoachwa motoni. Shika kidogo panga moja, ruka upande wa pili wa duara, shika lingine, endelea hivyo mpaka yote yameshikwa, ndipo urudi kuyakamilisha kwa utaratibu uleule wa kuruka. Na umalizie vizuri pale panga linapokutana na sahani, kwa sababu kila panga linapigwa na maji mara mamilioni na ufa huanzia hapo.

Kwa kijito cha pili, gurudumu la Bánki lenye kipenyo cha sentimita 20 litataka kuzunguka kama mara 565 kwa dakika, na upana wa sentimita 4 au 5 unatosha kumeza lita 10. Ni kitu cha kubebwa kwapani. Kwa kijito cha tatu mambo hubadilika: kipenyo sentimita 30, upana zaidi ya sentimita 20, mizunguko 190 tu. Bado inajengeka, ila ni chuma kizito na itahitaji mkanda wa kuongeza kasi. Ufanisi wa ile ya nyumbani, ikiwa imepimwa vyema, huwa kati ya nusu na theluthi mbili.

Gurudumu la maji: lina nguvu, halina haraka

Mwaka 1759 John Smeaton wa Uingereza alichapisha vipimo vyake vya magurudumu ya maji na kuonyesha kwamba lile linalomwagiwa maji kwa juu linavuna karibu maradufu ya lile linalosukumwa kwa chini. Tofauti ni kwamba la juu linabebeshwa uzito wa maji, la chini linagongwa tu, na mgongano hupoteza. Basi kama una anguko la mita 2, usiweke la kusukumwa kwa chini kwa sababu eti ni rahisi. Jenga mfereji wa juu.

Gurudumu la namna hiyo likijengwa vizuri linashindana kwa ufanisi na turbini za kiwandani, linapitisha majani, matawi na hata chura, na seremala anaweza kulirekebisha kwa zana zake mwenyewe. Tatizo halimo kwenye gurudumu. Limo baina ya gurudumu na jenereta. Gurudumu la mita 1.8 linazunguka kama mara 16 kwa dakika. Wati 400 kwa mwendo huo ni msokoto wa karibu nyutoni-mita 240, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 24 kwenye mwisho wa wenzo wa mita moja, muda wote, mwaka mzima. Mnyororo wa baiskeli hauvumilii hilo kwa muda mrefu. Hata ukitumia jenereta ya mwendo wa polepole, ya mizunguko 300, unahitaji kuongeza kasi mara 19, na kila hatua ya mkanda au mnyororo inakula sehemu yake.

Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa huu, ukiwa na altaneta ya gari. Nililijenga gurudumu kwa uangalifu na lilizunguka vizuri. Nikaweka hatua mbili za kuongeza kasi nikafika mizunguko 900 hivi, nikafunga betri, nikangoja. Asubuhi betri ilikuwa imeshuka kuliko nilivyoiacha. Altaneta ilikuwa ikinyonya umeme wa betri kujitia usumaku, na kwa kasi ile haikuweza kurudisha hata ilichokopa. Niliumia, maana gurudumu halikuwa na kosa lolote.

Kama shughuli yako ni kusaga au kuinua maji, gurudumu linafaa moja kwa moja kwa nguvu zake bila kupitia umeme. Kwa umeme, ni la kijito cha tatu peke yake kati ya vile vitatu.

Pampu iliyogeuzwa

Pampu ya kawaida ya kuzungushwa na mota, ukiingiza maji kupitia mdomo wake wa kutolea, inazunguka kinyume na kuwa turbini, na mota yake inakuwa jenereta. Mashine nzima, beringi, mihuri na shafti, imekuja ikiwa imekamilika na kusawazishwa, na vipuri vyake vinapatikana popote penye mafundi wa pampu. Kwa mtu asiye na karakana, hakuna njia iliyo karibu kuliko hii.

Ila isome vizuri. Namba zilizo kwenye kibandiko ni za kusukuma maji. Ikigeuzwa, kwa kasi ileile, inadai anguko kubwa zaidi na maji mengi zaidi ya hayo yaliyoandikwa, mara nyingi kwa robo hadi nusu na pengine zaidi. Ukitafuta pampu ya mita 25 kwa kijito cha mita 25, umekosea. Tafuta iliyoandikwa kimo cha chini ya hapo. La pili ni kwamba haina namna ya kujirekebisha. Inataka kiasi kimoja cha maji, na yakipungua theluthi moja tu uzalishaji unaporomoka vibaya. Kijito chenye kiangazi kikali kinaidhoofisha pampu, kijito kisichobadilika mwaka mzima kinaifaa. Hakikisha pia kwamba kifungio cha pangaboi la ndani hakifunguki likizunguka kinyume, kwani baadhi hushikwa na nati ya kujikaza upande mmoja.

Zile nyingine mbili

Propela ya kutumbukizwa mtoni bila bomba wala banio inavutia macho, lakini maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yana wati 500 tu kwa kila mita ya mraba, na mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba hata kinadharia huwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59 ya hizo. Kwa propela ya nyumbani tarajia 100 hadi 150. Kasi ya maji ikiwa mita 2 kwa sekunde nguvu inakuwa mara nane, na hapo ina maana. Mto wa mwendo mdogo uache. Kisima cha kizingia, ambamo maji hujisokota kuelekea tundu la katikati, kinafanya kazi kwenye anguko la mita moja hivi, ila unamwaga zege nyingi kwa wati chache.

Jenereta: hapa ndipo wengi hukwama

Altaneta ya gari inapatikana kirahisi, na ndiyo sababu inachaguliwa. Mimi nimeshaeleza ilichonifanyia. Inahitaji mizunguko elfu moja na mia kadhaa kwa dakika ili ianze kuchaji kwa maana, nusu hivi ya nguvu unayoipa inageuka joto, na brashi zake zinalika. Fikiria pia muda: mtambo wa maji unazunguka saa 8,760 kwa mwaka. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kwa muda huo lingetembea kilomita 438,000. Hiyo ndiyo safari unayoitaka altaneta iliyotumika iende kila mwaka. Kwa Pelton yenye kasi inaweza kukuanzishia, lakini usijenge ndoto juu yake.

Jenereta ya sumaku za kudumu haihitaji kukopa umeme wowote. Unaweza kuitengeneza kwa sahani mbili za chuma zilizobandikwa sumaku za neodimiamu na koili za waya wa shaba zilizomiminiwa gundi ngumu katikati, au uchukue mota ya mashine ya kufulia ile ambayo pipa limefungwa juu yake moja kwa moja bila mkanda. Mota hiyo ina sumaku nyingi na inatoa umeme kwa kasi ndogo. Unachofanya ni kuunganisha upya koili zake upate volti unazotaka. Kwa betri, hili ndilo chaguo langu. Sumaku hizo kubwa zina uwezo wa kuvunja vidole zikirukiana, zishike moja moja na uziweke mbali na vyuma vingine.

Mota ya indaksheni, ile ya kawaida ya pampu na mashine za karakana, inakuwa jenereta ukiizungusha kupita kidogo kasi yake ya kawaida na kuifunga kapasita zinazolingana nayo. Yenye nguzo nne za sumaku kwa mkondo wa hezi 50 inataka kupita mizunguko 1,500. Haina brashi wala sumaku, haifi upesi, na ukiizidishia mzigo inaangusha volti yenyewe badala ya kuungua. Ikikataa kuamka baada ya kukaa muda mrefu, imepoteza usumaku uliobaki kwenye chuma. Mguso mfupi wa betri kwenye koili ikiwa imesimama huurudisha. Lakini inatoa umeme wa volti za kuua, pembeni ya maji, na inahitaji kifaa cha kielektroniki kinachopeleka umeme usiotumika kwenye hita ili mzigo usibadilike. Kama hujui umeme wa nyumba, mwite fundi anayeujua.

Bomba na waya

Kwenye kijito cha kwanza, tuseme bomba lina mita 100. Kwa kipenyo cha ndani cha milimita 40, lita 3 kwa sekunde zinapoteza zaidi ya mita 13 za anguko kwa msuguano. Kwa milimita 50, mita 4 na nusu. Kwa milimita 75, sentimita 60 na ushei. Soma tena namba hizo. Mtu mwenye turbini nzuri kupindukia na bomba la milimita 40 amezidiwa na jirani mwenye turbini ya hovyo na bomba la 75. Kama fedha ni chache, zipunguze kwenye turbini, sio kwenye bomba.

Waya una tabia hiyohiyo. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25. Kwa volti 48 ni ampea 6 na robo, na upotevu kwenye waya uleule unashuka mara 16. Kama nyumba iko mbali na mtambo, mfumo wa volti 12 usiufikirie kabisa.

Banio liwe na dimbwi la kutulizia mchanga kabla ya maji kuingia bombani, na chujio lililolazwa kwa mteremko ili majani yasukumwe yaende zake. Koki ifungwe polepole, zungusha kidogo kidogo. Maji yaliyojaa bomba refu ni tani za mwendo, ukiyafunga ghafla presha inapanda kwa kishindo na kupasua viungo.

Na usiuache mtambo bila mzigo. Betri zikijaa, kidhibiti chake kisikate umeme kama kile cha sola, bali kiupeleke kwenye hita au taa za ziada. Kikikata, turbini inabaki bila cha kuizuia: Pelton inaweza kufika karibu maradufu ya kasi yake, na volti za jenereta ya sumaku zinapanda nayo mpaka zinaunguza kilichounganishwa.

Ningeweka nini wapi

Kijito cha kwanza hakina mjadala. Pelton ya kununua gurudumu, nozeli mbili, jenereta ya sumaku juu ya shafti, volti 48, bomba la milimita 75. Ningefikiria pampu pale tu ambapo lita 3 hizo hazipungui mwaka mzima.

Kijito cha tatu kinategemea wewe ni fundi wa nini. Kama ni seremala na una subira ya gia, gurudumu la kumwagiwa juu litakutumikia miaka mingi na kukuvumilia uchafu wote wa mto. Kama ni mchomeleaji, Bánki pana na mkanda mmoja wa kuongeza kasi. Nikipewa mimi leo, ningechukua Bánki, kwa sababu ya yale yaliyonipata kwenye gia.

Kijito cha pili ndicho kinachonipa shida, maana mita 8 na lita 10 zinakubali karibu kila kitu. Pelton ya nozeli nne zenye tundu la milimita 16 inaweza, na itazunguka kama mara 600 kwa dakika, lakini mabomba ya kugawa maji kwenye nozeli yanakuwa msitu. Turgo ya nozeli mbili ni safi zaidi ukiipata. Pampu inaweza, kama mtiririko ni thabiti. Bánki ndogo ya sentimita 20 inagharimu vipande vya bomba, sahani mbili na siku kadhaa za kuchomelea. Kabla ya kuamua ningerudi kijitoni na ubao wangu wa V mwisho wa kiangazi. Ikiwa lita 10 zimebaki 8 au 9, pampu. Zikishuka hadi 4, Bánki yenye mlango wa maji uliogawanywa sehemu mbili, moja theluthi na nyingine theluthi mbili ya upana, ili niweze kufunga ile kubwa na maji machache yaendelee kuingia yakiwa na unene wake uleule.